Nyumba ya Nailoni

Mume wa Msusi alikuwa mkaguzi wa mizani, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna binadamu aliyekuwa mgumu kudanganyika kama yeye. Kutwa alipita madukani na sokoni na sanduku lake la mawe ya shaba, akipima mizani za watu, akipekua chini ya sahani zao kutafuta sumaku, akimkazia macho muuza sukari mpaka jasho limtoke. Muuza nyama akimpa habari za asubuhi, Mkaguzi alijiuliza kwanza kwa nini anapewa. Basi mtu wa namna hiyo, mwaka ule kinu cha nyuklia kilipoungua katika nchi iliyo ng'ambo ya bahari, na ng'ambo ya nchi nyingine baada ya bahari, alisikiliza kwenye simu sauti iliyorekodiwa ya mtu asiyemjua, isiyotaja jina wala kazi, akaimeza nzimanzima bila hata maji ya kusukumia.

Sauti yenyewe aliletewa na mdogo wake. Huyu alikuwa dalali, na hata nyumbani kwao walishamwita Dalali tu. Alikuwa ameuza viwanja vilivyojaa maji, kisha akauza mashine za kuchuja maji yaleyale, kisha akaingia kwenye mafuta ya kuotesha nywele, ambayo Msusi aliyanusa mara moja saluni kwake na kumrudishia. Safari hii Dalali alikuwa na marobota ya nailoni nzito, mabaki ya mradi wa kilimo uliokufa kabla haujaotesha hata mchicha. Alikuwa anahangaika pa kuyatupa. Kinu kilipoungua, akaacha kuhangaika.

Redioni wataalamu walikuwa wameeleza tena na tena, kwa subira ya watu waliozoea kutosikilizwa, kwamba vumbi la mionzi litapungua njiani, na kwamba huku kama litafika litakuwa hafifu hata vyombo vya kulipima vitapata taabu kuliona. Mkaguzi alisikiliza akitikisa kichwa. Kwake maneno hayo yalikuwa ushahidi wa kinyume chake. Kama hakuna hatari, alisema, mbona wanatumia muda mrefu hivyo kusema hakuna? Walipoacha kuizungumzia, akasema sasa wameamrishwa kunyamaza.

Dalali alikuja Jumapili moja baada ya chakula, akatandika kipande cha nailoni juu ya meza kama mtu anayeonyesha hariri. Familia yote ilikuwepo: mama yao, aliyeishi kwa mwanawe mkubwa na kuitawala nyumba akiwa kwenye kiti chake cha mkono, binti mkubwa, aliyekuwa anasubiri majibu ya mtihani, na kitinda mimba, msichana waliyemwita Pengo kwa sababu ya meno yake ya mbele yaliyotoka yote na kuchelewa kurudi. Dalali alieleza jinsi mawingu yatakavyokuja, jinsi mvua ya kwanza itakavyoshusha sumu, na jinsi nyumba iliyozibwa vizuri itakavyobaki salama kama yai. Alishusha sauti kila alipofika kwenye neno "watoto".

"Shemeji," Msusi alimwambia, "hiyo sumu imeruka nchi zote hizo haikushuka, inakuja kushukia dirisha la jikoni kwangu?"

"Upepo hauna mipaka, shemeji."

"Hauna mipaka, ila anwani yetu unayo."

Binti mkubwa alicheka. Mama mkwe hakucheka. Alisema wake wa siku hizi wamepewa mdomo mahali pa masikio, na kwamba mwanamume anayejali familia yake ni wa kushukuriwa, si wa kufanyiwa mzaha mbele ya watoto. Mkaguzi alivimba kidogo kifuani. Akaichukua nailoni, akaivuta huku na huku, akaiangalia kwenye mwanga, akaigonga kwa ukucha. Msusi alimtazama akakaribia kumwonea huruma. Aliipima ile nailoni kwa kila namna aliyoijua kupima kitu. Kitu pekee ambacho hakukipima kilikuwa mdogo wake.

Likizo ya wiki iliyofuata ikaenda kwenye kuziba. Alipiga nailoni madirisha yote, akapitisha selotepu pana ya maboksi pembeni, na palipokataa kushika akapigilia misumari kwenye fremu ambazo Msusi alikuwa amezipaka rangi mwezi uliopita. Matundu ya hewa chini ya dari aliyashindilia magazeti. Mlangoni akaning'iniza mapazia mawili ya nailoni, moja ndani na moja nje, kiasi kwamba aliyetaka kuingia ilibidi apapase kwanza kama aliyefungwa kitambaa machoni. Viatu vikaamriwa kubaki nje. Watoto wakaamriwa kuvaa barakoa kwenda dukani. Asubuhi yeye mwenyewe alisukutua kwa maji ya chumvi, kwa sababu ile sauti isiyo na jina ilisema chumvi inakamata mionzi kooni, na aliporudi kutoka bafuni uso umemkunjamana, Msusi alimuuliza ameikamata mingapi.

Nyumba ikawa tanuri. Kuta zilitoka jasho. Mama mkwe alijipepea kwa mfuniko wa sufuria na kusema joto ni afya. Msusi hakubishana na mtu. Alikuwa na dawa yake: kila siku alibeba habari za nyumbani kwake mpaka saluni, akazimwaga huko. Aliwaigiza wateja jinsi mumewe anavyoingia mlangoni, mikono mbele, akipambana na pazia. Jinsi anavyolinusa kabichi. Jinsi alivyomkaripia paka aliyetoka nje bila ruhusa. Wanawake walicheka mpaka mmoja akaungua sikio kwenye kikaushio. Msusi alirudi nyumbani amepona, akalala kwenye tanuri lake bila neno.

Kitu kimoja tu kilimkera asiweze kukicheka. Mkaguzi hakuridhika kuokoa watu wake, alianza kuokoa mtaa. Jioni alipita nyumba kwa nyumba na kile kipande cha nailoni mkononi, na kwa kuwa mtaa mzima ulimjua kama mtu asiyedanganyika, baadhi yao walinunua. Dereva mstaafu wa nyumba ya kona, mzee mwangalifu aliyewahi kuendesha mabasi ya masafa marefu bila ajali, alisema kama Mkaguzi amekagua, yeye ni nani akatae. Dalali alimletea robota zima. Msusi alipouliza kama shemeji yake anagawana chochote na kaka yake kwa kazi hiyo ya uchuuzi, Mkaguzi alikasirika kweli. Hakuwa anagawiwa kitu. Alifanya bure, kwa moyo safi, na Msusi aliona hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Kupika walipikia uani siku zote, chini ya kipaa cha bati nyuma ya nyumba, kwenye jiko la mkaa. Mkaguzi alitaka jiko liingie ndani mvua zikianza. Msusi alimwambia mkaa ndani ya nyumba iliyozibwa hivyo utawafukiza wote kama nzi. Akajibiwa kwamba mkaa ukishakolea hauna moshi, kila mtu anajua, na kwamba yeye hupinga kila kitu kwa sababu tu hakukianzisha yeye. Msusi akacheka, akasema basi awashe na ubani kabisa, wafe wananukia. Yakaishia hapo.

Mvua ya kwanza ilianguka Jumamosi. Mkaguzi alikuwa sokoni, maana Jumamosi ndiyo siku mizani hudanganya vizuri. Msusi alikuwa saluni, na kabla ya kutoka alikuwa amemwachia binti yake maharagwe ya kuchemsha, uani kama kawaida. Rasharasha ilipoanza, Mkaguzi alimpigia simu binti kutoka chini ya mwavuli wa muuza vitunguu, akamwamuru aingize jiko koridoni, ateremshe mapazia yote mawili, na asimruhusu Pengo kutia hata kidole nje. Binti akafanya alivyoambiwa. Maharagwe hayana haraka. Aliongeza mkaa, akakaa sebuleni na bibi yake na mdogo wake kusubiri yaive.

Msusi asingerudi mapema. Alirudi kwa sababu umeme ulikatika kwa mvua na kikaushio kikafa mteja akiwa nusu kichwa. Akamfunga mteja kitambaa, akamwomba radhi, akatembea nyumbani kwenye mvua na mfuko wa plastiki kichwani, akitunga njiani atakavyomsimulia mumewe kwamba ameoga mionzi kuanzia utosini.

Alibisha, hakuitikiwa. Alipenya pazia la nje, akasukuma mlango, akapambana na pazia la ndani, na kitu cha kwanza alichokiona ni Pengo, amepiga magoti katikati ya korido, anatapika. Nyuma yake jiko lilikuwa jekundu, limekolea, halina moshi hata uzi mmoja. Binti mkubwa alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anamtazama mdogo wake kwa macho ya mtu anayeangalia kitu kilicho mbali sana. Alisema kichwa kinamuuma, alitaka kusimama, miguu ilikataa. Sebuleni mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, mfuniko wa sufuria mapajani, kidevu kifuani.

Msusi hakupiga kelele. Baadaye hakukumbuka alianza na nani. Alimkumbuka Pengo akiwa mzito kuliko siku zote, na selotepu ikigoma kubanduka, na yeye akivuta pazia kwa mikono na meno mpaka likashuka na fimbo yake. Alimtupa Pengo barazani, akarudi akamburuta binti kwa makwapa, akarudi tena akashika kiti cha mkono na aliyekuwa ndani yake akavivuta vyote viwili, kiti kikikwaruza sakafu, mpaka kikakwama kizingitini. Hapo ndipo alipoita watu. Dereva mstaafu akaja mbio na ndala mguu mmoja. Wakamtoa mama mkwe wakiwa wawili, wakamlaza mbele ya baraza, kwenye mvua, wasichana kando yake.

Familia nzima ya Mkaguzi ilikaa kwenye ile mvua iliyokatazwa, midomo wazi. Maji yaliwatiririka usoni. Pengo alikohoa, akalia, na kilio chake kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote Msusi alivyowahi kusikia. Bibi alikawia. Ilibidi dereva amwinue na kumpigapiga mashavu ndipo akavuta pumzi ndefu, akafungua jicho moja, akauliza kwa nini anamwagiwa maji.

Hospitalini waliwawekea hewa ya oksijeni, watatu kwa safu. Mkaguzi aliwakuta huko, suruali imelowa hadi magotini, sanduku la mawe bado mkononi. Daktari, mwanamke mwenye uchovu wa watu wa zamu ndefu, alimuuliza swali moja tu: jiko lilikuwa wapi. Mkaguzi alipojibu, daktari hakumgombeza. Alieleza kwamba mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na moshi usipoonekana ndipo watu hujiona salama, na kwamba kama mama watoto angechelewa kidogo wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Kisha akauliza madirisha ya nyumba hiyo ni mangapi na yalikuwa na kasoro gani. Mkaguzi akamweleza nailoni. Daktari aliacha kuandika.

"Mlikuwa mnajikinga na nini?" aliuliza.

Mkaguzi alimwambia. Alisema polepole, na kila neno lilipotoka lilionekana kuwa dogo kuliko lilivyokuwa nyumbani. Daktari alimtazama, akamtazama Msusi, akaona afadhali aende kwa mgonjwa mwingine.

Ingekuwa imeishia hapo, Msusi angeweza kumsamehe siku hiyohiyo. Lakini Dalali naye alifika, anahema, na baada ya kuwasalimu wagonjwa kwa pole nyingi alimvuta kaka yake pembeni, si mbali vya kutosha.

"Kaka, unaona sasa?" alimnong'oneza. "Kutapika. Kichwa. Kizunguzungu. Ni dalili zilezile alizozitaja yule mtaalamu wa kwenye simu. Ile nailoni ilikuwa nyepesi. Ninayo nyingine, nzito zaidi."

Msusi alimtazama mumewe, si shemeji yake. Dalali alikuwa Dalali. Ungemzika angeuza kaburi. Ila mumewe alikuwa amesimama pale, maneno ya daktari bado mabichi masikioni, na uso wake ulikuwa ule anaouvaa mbele ya mizani: ananing'iniza jambo, anasubiri lielemee upande gani. Anapima. Mtoto wake amelala na mpira wa hewa puani, naye anapima. Katika miaka yote ya kumcheka, Msusi hakuwahi kumdharau mumewe. Alimdharau dakika ile, kwa utulivu, hadi chini kabisa, na akajua kumcheka kulikuwa heshima.

Aliyelimaliza ni mama mkwe. Aliishika barakoa ya oksijeni, akaiinua kidogo kutoka mdomoni.

"Mwanangu," alimwambia Dalali, "nimekuzaa, nimekufunga nepi, nimekutetea kwa waliokudai. Nitolee uso wako hapa." Kisha akairudisha barakoa akafumba macho.

Dalali aliangaza huku na huku akitafuta wa kumtetea. Mkaguzi akamshika mkono, akamsindikiza mpaka mlango wa wodi, na aliporudi ule uso wa mizani ulikuwa umemtoka. Alikaa chini kwenye kiti cha wageni, akashika tama.

Binti mkubwa alikuwa wa kwanza kupata nguvu. Msusi alipomsogelea kumpa maji, alianza kumwambia, kwa upole, kwamba siku nyingine mtu akimwamuru jambo la kipumbavu akatae. Binti alikunywa, akafuta mdomo.

"Baba alisema ingiza jiko," alisema. "Wewe ulisema tufe tunanukia. Ulikuwa unacheka, mama. Siku zote ulikuwa unacheka. Nikajua basi si jambo kubwa."

Msusi alikuwa mtu wa majibu. Alichukua gilasi akaenda kuliosha, ingawa lilikuwa safi.

Waliruhusiwa asubuhi iliyofuata. Mkaguzi alibandua nailoni peke yake, dirisha kwa dirisha, na rangi ya fremu ikabanduka nayo. Msusi hakumsaidia, wala hakumkejeli. Alichambua maharagwe mapya. Mumewe alipomaliza alikuja akasimama mbele yake, vidole vimechubuka, akasema zile nyumba nyingine bado zimezibwa. Msusi alisema anajua. Mkaguzi akasema ataenda sasa hivi. Alibaki amesimama, na Msusi akaelewa kwamba anaombwa. Akaweka ungo chini, akafuata.

Walianza kwa dereva mstaafu. Pazia lilikuwa limeshuka mlangoni. Ndani mlisikika kichanga, mjukuu aliyezaliwa mwezi ule, na palikuwa na joto la maji ya kumwogesha yanayochemka juu ya jiko. Dereva alitoka barazani akawapa pole, akauliza hali ya bibi. Mkaguzi akamwambia aiondoe nailoni. Akaeleza yote, mkaa, hewa, daktari, bila kujiremba.

Dereva alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza mara ya kwanza.

"Nilikwambia nyumba itakuwa na joto," alisema. "Ukaniambia joto haliui. Ukaniambia umekagua."

"Nilikosea."

"Na leo nitajuaje kwamba hukosei?"

Haikuwa kejeli. Mzee alitaka kujua kweli. Msusi alikuwa na jibu ncha ya ulimi, jibu ambalo lingechekesha saluni kwa wiki nzima, akalimeza. Mkaguzi alitazama mikono yake, ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa na kitu cha kuonyesha.

"Usiniamini," alisema mwishowe. "Nailoni iache kama unaitaka. Niruhusu nitoe jiko tu."

Dereva alifikiri. Akasogea kando. Mkaguzi aliingia na shuka la pazia likamfunika uso, akapapasa, akapotea ndani, na alipotoka alikuwa amelibeba jiko kifuani, sufuria juu yake, maji yanamrukia mikononi, akikunja uso lakini halitupi. Akaliweka uani, chini ya bati. Mke wa dereva alitoka nyuma yake akilalamika kwamba mgeni ameingia na viatu. Dereva alimnyamazisha, akalitazama pazia muda kidogo, kisha akalikunja akalitundika juu ya msumari. Hakulitoa. Alisema ataangalia.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya muuza mitumba, mtu wa maneno mengi, ambaye habari zilikuwa zimeshamfikia. Alipowaona wanakuja alianza kucheka wakiwa bado barabarani, akamwita mkewe aje amwone mwokozi wa mtaa, akaigiza mtu anayepapasa pazia, tena aliigiza vizuri. Msusi alitambua uigizaji wake mwenyewe, umetoka saluni ukafika hapa kabla yake. Masikio yalimwaka.

Mkaguzi alisimama hatua chache kutoka barazani. Akangoja mwenye nyumba amalize kucheka, jambo ambalo halikuwa la haraka. Kisha akaanza tena kueleza, tangu mwanzo, kuhusu jiko.